Ofisi Ihamie Ghalani

Jumatatu, 3 Juni

Ofisi ya kata inahama! Mwenye jengo kalitaka jengo lake. Tangazo limepita na gari la kipaza sauti, likarudi tena kwa ajili ya wenye vichwa vigumu. Serikali ina majengo mawili ya kuchagua. La kwanza ni ghala la zamani, hili lililoshikana na ukuta wa kibanda changu cha fotokopi. La pili ni shule ya zamani, kule juu mlimani. Na safari hii, wametangaza, wananchi watatoa maoni yao kabla serikali haijaamua. Mkutano ni Jumamosi, uwanjani.

Wananchi! Kwani mimi nani?

Niseme ukweli, maana hapa najisemea mwenyewe. Biashara imelala. Mashine yangu nzima, picha za pasipoti napiga kwa kitambaa cha buluu kilichopigwa pasi, lakini huku kwetu hapiti mtu ila aliyepotea. Leo kaingia mmoja. Alikuwa amepotea. Ofisi ikija ghalani, kila mwenye kutaka muhuri atahitaji nakala, na mlango wa kwanza atakaoukuta ni wangu.

Halafu kuna mama mkwe. Tunaishi naye. Kila mwezi lazima afike ofisi ya kata aonekane kwa macho kuwa bado yu hai, ndipo apewe mafao ya marehemu mumewe. Magoti yake yamekwisha. Ofisi ikiwa ghalani, ataingia na ndala, ataonekana yu hai, atarudi chai yake haijapoa. Ikienda mlimani, sijui. Mlima ule mimi mwenyewe naupanda kwa vituo. Mama kasema ikienda huko, basi wamwandike tu kuwa amekufa, yeye hatabisha. Akacheka. Sisi hatukucheka.

Mke wangu kaacha cherehani yake, kaniangalia vizuri. Kaniambia ghala ni tambarare, wazee wengi wanakaa huku chini, kila mwenye macho anaona. Kwa hiyo nitulie. Nisiguse kitu.

Sawa. Sitagusa kitu. Labda nisaidie kidogo tu.

Jumanne, 4 Juni

Ofisa wa wilaya kaja kukagua ghala. Mwanamke mpole, miwani, viatu vya chini. Kila sentensi yake ina neno utaratibu. Nimempa jina: Bi Utaratibu.

Nilikuwa nimejiandaa. Ghala lilikuwa na vumbi la miaka. Alfajiri nilipenya kwa nyuma, pale mbao zilipooza, nikiwa na ndoo, fagio na sabuni ya unga. Nikamwaga maji. Nikasugua. Nikamwaga tena. Nilitaka akute sakafu inang'aa, aseme hapa pana watu waungwana.

Sikujua kuwa mfereji wa kutolea maji umeziba.

Kafika mapema kuliko alivyosema. Huo ni utaratibu gani? Kufungua mlango, kakuta bwawa. Kachovya ncha ya kiatu. Kauliza kama hapa huwa panaingia maji. Ningesema nini? Kwamba niliingia kwenye jengo la serikali bila ruhusa? Nikasema hapana, maji haya ni ya kawaida tu, yanakauka yenyewe.

Kaandika. Nilisoma juu ya bega lake: maji yanatuama, hata kiangazi.

Mke wangu alikuwa kibarazani, mguu kwenye cherehani, macho kwenye suruali yangu iliyolowa hadi magotini.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu kaenda mwenyewe kwa Bi Utaratibu, kamweleza kila kitu. Ndoo, fagio, sabuni, mume. Bi Utaratibu kacheka mpaka kavua miwani, kisha kaifuta ile sentensi ya maji. Kamwambia kwamba kwa upande wake anaona ghala linafaa, wazee na wenye baiskeli za magurudumu matatu wataingia bila shida, lakini utaratibu ni kusikiliza watu kwanza. Watu wakisema ghala, ni ghala.

Mke wangu karudi na habari hizi, kanikalisha kwenye kiti kama mtoto. Kasema tumeshashinda. Kilichobaki ni mimi kukaa.

Nimekaa. Nilikaa karibu saa nzima.

Lakini kukaa kunaleta mawazo. Nikamkumbuka Kinyozi. Saluni yake iko mlimani, inatazamana na mlango wa shule ya zamani. Sasa fikiria ofisi ikienda kule. Foleni ya watu, hawana la kufanya, nywele zimewajaa kichwani, na Kinyozi huyo mlangoni kashika taulo! Mtu ambaye tayari ana wateja. Mtu ambaye aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba picha zangu zinamfanya mteja aonekane ametoroka gerezani. Roho iliniuma.

Jioni nikapita bombani, dukani na kwa muuza mkaa. Nikadokeza tu kwamba shule ya zamani imejaa popo. Mapopo makubwa. Hayaogopi watu.

Alhamisi, 6 Juni

Popo wamenigeuka.

Habari zilimfikia Kinyozi usiku uleule. Hakugombana, mjanja yule. Katangaza kwamba anayetaka kuona popo aje aone kwa macho yake, shule iko wazi, na akishatazama atanyolewa bure. Bure! Mtaa mzima umepanda mlima. Wamerudi vichwa vinameta, wananukia poda, wanasema shule ni safi, ina madirisha makubwa, ina upepo, na kwamba mtu aliyezusha habari za popo ana roho mbaya. Niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Mchana nikapanda kupeleleza. Nilivaa kofia na kutembea kwa kuchechemea ili nisijulikane. Nilipofika Kinyozi kanikaribisha kwa jina langu, kaniuliza mguu umepata nini.

Sasa nimeshafika, kunyoa ni bure, nitakataaje? Nikakaa. Kanyoa upande wa kushoto, taratibu, kwa adabu. Kisha mashine ikazima. Kasema pole sana, umeme umekatika.

Redio yake ilikuwa inaimba.

Nimeteremka mlima na nusu ya nywele. Mama mkwe kaniona, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Baadaye kaniita, kanipa mkasi wake, kasema nikae karibu amalizie. Mikono yake inatetemeka siku hizi. Nimevaa kofia. Nitaendelea kuivaa.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimepata wazo. La kweli, si kama yale mengine.

Uwanja hauna kivuli hata cha sahani. Mkutano unaanza saa nne, jua linapoanza kukasirika. Watu wakifika, watasimama wapi? Popote! Sasa je, upande wetu kukiwa na hema? Na viti? Mtu akikaa kwangu, kwenye kivuli changu, moyo wake uko wapi? Uko ghalani.

Nimekwenda kwa mkodishaji wa mahema. Nimechukua hema kubwa la harusi na viti vyake vyote vya plastiki vyeupe. Kanipa sharti moja: kiti kikipotea, ni mimi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vitalindwa na mtu makini.

Mke wangu alikuwa akimfundisha mama cha kusema mkutanoni. Kwa kweli hakukuwa na cha kumfundisha. Mama atasimama, ataonyesha magoti, atakaa. Basi. Mke wangu alipoona gari la viti linapita kashika kichwa. Kauliza kwa nini. Nikamwuliza yeye kivuli kimemkosea nini. Mtu anaweza kukichukia kivuli? Kazungumza na cherehani yake hadi chakula cha jioni.

Jumamosi, 8 Juni

Ngoja nipumue kwanza.

Mambo yalianza vizuri mno. Hema limesimama upande wa kulia wa uwanja, nimelipachika bango: GHALA KWA MAENDELEO. Watu wakafika, wakaona viti, wakakaa. Wakajaa! Wengine wakagombania. Wazee wa huku chini wote wamekaa. Vijana wamekaa. Hata watu wa mlimani nikawaona wamekaa, nikasema moyoni, hao nao wamenunuliwa. Upande wa kushoto kwa Kinyozi, jua kali na watu wachache wamejifunika magazeti. Nikampungia mkono. Naye kanipungia.

Bi Utaratibu kafungua mkutano. Kaeleza habari za majengo yote mawili bila kuegemea popote. Kisha kawaruhusu wananchi waseme. Kinyozi kasema madirisha na upepo. Kasema vizuri, siwezi kukataa.

Ikafika zamu ya mama. Mke wangu kamshika mkono, kasimama mbele ya kipaza sauti. Kasema yeye si mtu wa maneno. Kasema hana shida na mlima, mlima ni wa Mungu, ila kila mwezi serikali inataka kumwona yu hai, naye angependa aendelee kuonekana. Kasema siku atakayoshindwa kupanda, hatakuwa amekufa, atakuwa amekaa tu nyumbani, ana njaa. Kisha kashukuru, karudi mahali pake. Hata Kinyozi aliangalia chini. Mimi nililia, nasema wazi. Nililia ndani ya kofia.

Makofi! Makofi hadi hema likatikisika. Tumeshinda, nikajua tumeshinda.

Ndipo Bi Utaratibu akasema maoni yatahesabiwa kwa utaratibu wa siku zote. Wanaotaka ghala wapange mstari kulia kwake, pale mbele, juani. Wanaotaka shule, kushoto. Watakaobaki wamekaa watahesabiwa kuwa hawana maoni.

Upande wa Kinyozi walikuwa wamesimama tangu asubuhi. Wakasogea hatua mbili, basi, mstari.

Upande wangu hakuna aliyeinuka.

Pembeni mwa hema walisimama waliochelewa, wamekosa viti, wamekodoa macho. Ukiinua makalio tu, kiti kimekwenda. Kila mmoja akamwangalia mwenzake, aanze yeye. Nikapiga kelele, simameni! Wakanijibu kwa mapenzi kabisa kwamba tuko nawe, tuko nawe, tumekukalia hapa toka saa tatu. Muuza mkaa kaniambia yeye anaunga mkono ghala kwa moyo wote ila amemshikia kiti mke wake, ambaye amekwenda kunywa maji. Mzee mmoja kainuka nusu, kaona kijana anasogea, karudi kukaa kwa kishindo. Nikamvuta mkono. Akakivuta kiti.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa mama mkwe. Na fimbo yake, juani, peke yake. Mke wangu nyuma yake. Kisha wachache wengine, wale ambao hawakupata viti toka mwanzo.

Mimi? Mimi nilitaka kwenda. Miguu ilishaanza. Lakini niliona watoto wawili wanaondoka na kiti kimoja kuelekea barabarani, na sharti la mkodishaji nalikumbuka. Nikawakimbilia. Nilipogeuka nimekibeba kichwani, Bi Utaratibu alikuwa ameshamaliza kuhesabu.

Shule imeshinda. Tena imeshinda kwa mbali.

Mama alikuwa bado amesimama kwenye mstari. Hakuna aliyemwambia kuwa imekwisha.

Jumapili, 9 Juni

Nimewekewa chai bila sukari. Nimeinywa.

Mama kaniita kibarazani. Nilidhani atanisema. Kasema nisijilaumu, anajua nilifanya kwa moyo, na kwamba marehemu mumewe naye alikuwa mtu wa mipango. Nikamwuliza ilikuwaje. Kasema ndiyo maana anapata mafao madogo.

Nilijisikia vibaya. Vibaya hasa. Karibu nikubali kosa ni langu. Lakini nikitazama kwa makini, kosa ni la Bi Utaratibu. Mtu mwenye akili anahesabu watu wakiwa wamesimama? Watu wamechoka!

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kulalamika. Nimemweleza Bi Utaratibu kwamba waliokaa wote walikuwa watu wa ghala, waliketi kwa ajili ya ghala, na makalio nayo ni maoni. Kanisikiliza hadi mwisho. Kasema utaratibu unaruhusu. Niwalete, wakisema wenyewe mbele yake, ataitisha mkutano upya. Kasema angependa sana iwe hivyo, kwa ajili ya yule mama. Nilitaka kumkumbatia.

Nimezunguka siku nzima. Muuza mkaa kasema kwa vile mambo yamekwisha, asingependa kuonekana anabishana na serikali. Mwenye duka kasema yeye alikuja kupumzika tu. Wengine kumi na kitu walikuwa watu wa mlimani kabisa, walikuja kwa ajili ya kivuli na wakanishukuru. Mama mmoja kaniuliza mkutano huo mpya utakuwa na hema. Nikasema hapana. Kasema basi atafikiria.

Nimerudi peke yangu. Mke wangu kaviona viatu vyangu, kajua. Kaninawisha miguu, hata hivyo. Ndiye mke niliyenaye, na sijui nilimpata vipi.

Jumatano, 26 Juni

Ofisi imehamia mlimani. Meza, makabati, bendera, vyote vimepita hapa mbele ya mlango wangu juu ya lori. Waliokuwa juu ya lori wamenipungia.

Kinyozi kanunua mashine ya fotokopi! Kaiweka kati ya viti viwili vya kunyolea. Mpya, inatoa pande zote mbili. Aliniletea habari yeye mwenyewe, kwa heshima, akaniuliza wino wa unga naununua wapi. Nilimwelekeza duka baya.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya mama kuonekana. Hakuna gari linalopanda njia ile, na kubebwa mgongoni kakataa, kasema si mzigo wa kuni. Nimeazima toroli la fundi mwashi. Mke wangu kaliosha, kaweka mto na shuka la maua. Yeye hakuweza kuja, ana sare za shule za kumaliza. Kaniambia neno moja tu, nimlinde mama. Nimeapa.

Nilisukuma. Ee Mungu, nilisukuma. Mama kakaa wima na mwavuli wake, anasalimia watu pande zote, mimi nyuma nahema kama mvukuto. Kila tukisimama ananipangusa jasho kwa kanga, anasema pumzika, mwanangu, ofisi haikimbii. Pale kwenye kona kali kainamisha mwavuli. Nikaona machozi. Kasema alimwomba Mungu asije akawa mtu wa kusukumwa. Nilisukuma kwa nguvu zaidi.

Juu, foleni ndefu, na Bi Utaratibu mwenyewe kaja leo kusimamia. Nimemkalisha kwenye benchi la nyuma kivulini, nimemwambia nasogea kidogo mbele kuangalia zamu yetu.

Na mlangoni, nimeona nini? Tangazo! Serikali itajenga choo cha umma kwa ajili ya wanaokuja ofisini. Haijaamua kiwe wapi, hapo juu au huku chini, njia inapoanzia. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Maoni!

Moyo ulinilipuka. Chini, njia inapoanzia, ni kwangu! Mtu anaweza kuishi bila nakala. Anaweza kuishi bila picha ya pasipoti, wengi nimewaona. Lakini hakuna asiyekwenda chooni. Akisubiri zamu yake atatazama wapi? Dirisha langu! Picha, fotokopi, hata chenji. Kinyozi na apige kelele na mashine yake ya pande mbili.

Nimeteremka mbio, toroli tupu linaruka mbele yangu. Nimepima kiwanja kwa hatua, mara tatu, kila mara jibu tofauti, lakini kinatosha. Nimechora. Nimesema na muuza mkaa, anaunga mkono kwa moyo wote. Jioni inaingia na sijahisi njaa wala uchovu. Siku nzuri hivi sijaipata mwaka huu.

Mke wangu kamaliza sare. Kasimama mlangoni, analiangalia toroli, shuka la maua, mto. Anauliza mama yake yuko wapi.

Lo! Nakimbia. Na nikiwahi kabla Bi Utaratibu hajafunga, nimwulize hicho choo kitakuwa na milango mingapi.